Shahidi wa Vidonge

Walimwita Rula kwa sababu hakuwahi kuwa na haja nayo. Mafundi wengine wa mabango walivuta uzi wa chaki ukutani kabla ya kugusa rangi. Yeye alipanda ngazi, akafumba jicho moja, akashusha pumzi, kisha akavuta mstari kwa mkono mtupu kutoka pembe hii ya duka hadi ile, na mstari ukatoka umenyooka kama neno la mtu mkweli. Maduka, zahanati, shule, karakana, karibu kila mlango wa mji ule ulikuwa na maandishi yake juu. Watu walikuja kumwambia, “Fundi, kazi yako haizeeki,” naye alijibu, “Kazi haizeeki, fundi ndiye anayezeeka.” Alikuwa akitania.

Siku aliyomwandikia mwenye duka la mikate bango jipya, yule bwana alitoka nje, akarudi kinyumenyume hadi katikati ya barabara, akainamisha kichwa upande.

“Rula, leo umekunywa nini?”

“Maji.”

“Basi maji ya leo makali. Herufi zako zimepanda mlima, zimefika kileleni zimechoka, zinashuka.”

Wapita njia wakacheka, na Rula akacheka nao. Akashuka, akasimama alipokuwa yule bwana, akatazama. Aliona mstari ulionyooka. Aliomba ubao mrefu wa kubebea mikate, akapanda nao ngazi, akauegemeza chini ya maandishi. Katikati palibaki pengo la kuingiza kidole. Alikitia kidole chake pale, akakitoa, akakitia tena. Halafu akafuta kazi yote kwa mafuta ya taa, akamtuma mtu dukani kumnunulia chaki na uzi.

Alipofika nyumbani aliketi kitandani, akatazama mlango wa chumba. Alifunika jicho la kulia kwa kiganja. Fremu ya mlango ikabonyea kiunoni kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo. Akafunika la kushoto, fremu ikasimama wima. Akarudia mpaka macho yakatoka machozi.

Alidhani ni mtoto wa jicho, maana huo ndio ugonjwa wa wazee ambao kila mtu anaujua. Alikwenda kliniki ya macho akiwa ameshajiandaa kupasuliwa. Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yake, mwenye sauti ya chini na subira. Alimwangaza kwa taa yake muda mrefu.

“Mzee, si mtoto wa jicho,” alisema. “Nyuma ya jicho kuna pazia, na katikati ya pazia hilo ndipo unapoonea herufi, na nyuso za watu, na tundu la sindano. Hapo katikati ndipo panapochakaa kwa uzee. Jicho la kushoto limeota vimishipa mahali pasipofaa, na vinavuja. La kulia halijavuja, lakini safari limeshaianza.”

“Dawa yake?”

“La kushoto ni sindano, kila baada ya muda.”

“Ya mkononi?”

“Ya ndani ya jicho.”

Rula alicheka, akingoja daktari naye acheke. Daktari hakucheka.

“La kulia tunaweza kulisaidia kidogo,” aliendelea. “Kuna vidonge vya vitamini vyenye madini ya zinki. Kwa mtu aliyefika hatua kama yako, vinaweza kupunguza mwendo wa ugonjwa. Nisikilize vizuri, mzee. Kupunguza mwendo. Haviponyi, havirudishi kilichopotea, wala havishiki nafasi ya sindano. Umewahi kuvuta sigara?”

“Miaka mingi. Niliacha alipofariki mke wangu. Hakukuwa tena na wa kunigombeza.”

“Basi vyenye kiini cha karoti usiviguse. Kwa mvutaji, na hata kwa aliyeacha, vinaongeza hatari ya saratani ya mapafu. Njoo wiki ijayo tuchome sindano ya kwanza, nami nitakupa vinavyokufaa. Na usichelewe. Jicho linalovuja halimngoji mtu.”

Wiki hiyo ilipofika Rula hakwenda, wala iliyofuata. Mtu aliyekuwa akisimama kwenye ncha ya ngazi bila kushika kitu aliogopa sindano nyembamba kama unywele. Kila alipoifikiria, jicho lilijifumba lenyewe.

Nyumbani alikuwa akiishi na binti yake wa pekee. Binti huyo alirudi kwa baba baada ya mume kuondoka bila kuaga na shule aliyokuwa akifundisha kufungwa, yote katika mwaka mmoja. Kwa muda mrefu aliketi tu. Alipika, akafua, akaketi. Ukimwuliza jambo, jibu lilichelewa kama linalovutwa kisimani. Rula alimzika mama wa mtoto huyo kwa macho makavu, lakini kule kuketi kwa binti kulimliza.

Kisha mwanamke mmoja alimpeleka kwenye kikundi cha wauzaji wa vidonge: vya macho, vya viungo, vya moyo, vya usingizi. Ghafla binti akaanza kuamka alfajiri. Alipiga pasi nguo, akapaka mafuta nywele, akatembea jikoni huku na huko akikariri maneno ya kuwaambia wateja. Rula alimsikia akicheka peke yake alipokosea.

“Baba, daktari kasemaje?” alimwuliza.

“Kasema vitamini.”

Ulikuwa ukweli, ila ulikatwa kama nguo, na kipande kikubwa kikabaki sakafuni. Binti alipiga makofi. Alikimbilia chumbani, akarudi na chupa, akamtia mkononi. Ilikuwa na picha ya karoti, rangi yake kali kama ile wanayopaka vizuizi vya barabarani. Rula aliitazama picha ile, na maneno ya daktari yakamjia moja baada ya jingine.

“Wewe ndiye mteja wangu wa kwanza,” binti alisema. “Wewe nakupa bure. Utakuwa shahidi wangu.”

Rula alimeza kidonge, akanywa maji.

Tangu hapo kila asubuhi swali lilikuwa lile lile. “Baba, leo vipi?” Naye alijibu, “Afadhali.” Neno moja dogo, lisilo na mfupa. Binti alitoka nalo nyumbani kama mtu aliyekula akashiba. Baada ya muda “afadhali” halikutosha. Akasema, “Naona vizuri.” Kisha, “Jana nimesoma gazeti.” Kumbe gazeti lilikuwa limegeuka kuwa karatasi yenye sisimizi, kwa sababu jicho la kulia nalo lilikuwa limelifuata la kushoto. Sasa alimtambua mtu kwa mwendo na kwa sauti. Chai aliimimina akiwa ametumbukiza ncha ya kidole kikombeni, na alijifunza kuungua bila kusema. Kazi aliiacha. Aliwaambia watu magoti yamekataa ngazi, nao walimwamini, kwa kuwa magoti ya wazee yana sifa hiyo.

Kikundi cha wauzaji kilikutana ukumbini, ghorofani juu ya duka la samani. Siku moja binti alimwomba baba yake afike. Alimvalisha koti lake la arusi za watu, akampandisha ngazi akiwa amemshika mkono. Ukumbi ulijaa. Rula aliwasikia zaidi ya kuwaona: viti vya plastiki vikikwaruza sakafu, wanawake wakijipepea kwa mikono, mzee mmoja akikohoa. Safu ya pili alisikia kicheko alichokijua. Kilikuwa cha Bi Vifungo.

Huyu Bi Vifungo alikuwa mshonaji. Duka lake lilipakana na stoo ya rangi ya Rula, na kwa miaka yote hiyo hawakuwahi kupitisha siku bila kutupiana maneno. Rula akipita, Bi Vifungo alimwambia, “Wewe mzee wa rangi, mchana huu unakwenda kumharibia nani ukuta?” Naye alimjibu, “Nakwenda kuandika kibao cha kuwatahadharisha watu na suruali zako.” Mke wa Rula alipokufa, Bi Vifungo ndiye aliyeshona sanda, na siku hiyo tu hakutania. Yeye alikuwa na presha ya macho. Alitia matone asubuhi na jioni, akiyalaani kwa jinsi yalivyomwasha.

Binti alichukua kipaza sauti. Alisimulia vizuri. Alisema baba yake ni fundi aliyeandika nusu ya mji, kwamba mistari ilianza kumpinda, kwamba alikuwa anaelekea gizani. Sauti yake haikutetemeka. Rula alijivuna kwa sauti ile, akasahau kwamba inamzungumzia yeye.

“Baba,” alisema, “wasomee kilichoandikwa ukutani kule nyuma.”

Rula alitazama nyuma ya ukumbi. Katikati palikuwa na waa la kijivu, kana kwamba mtu amepiga kidole gumba kwenye rangi mbichi. Pembeni mwa waa aliona kingo za kitambaa cheupe. Hakuona hata herufi moja. Lakini alijua ni nini kingeandikwa pale, kwa sababu alikuwa amekisikia jikoni asubuhi baada ya asubuhi.

Angeweza kusema, “Mwanangu, sioni.” Watu wangegeuka, kikundi kingenong’ona, na binti angeshuka jukwaani, arudi nyumbani, aketi.

“Macho,” alisoma Rula, akakunja uso kidogo kama asomaye mbali, “ni zawadi ya maisha. Kinga leo... uone kesho.” Kisha akaongeza, “Na fundi aliyeandika kabana herufi mno. Angeniita mimi.”

Ukumbi uliangua kicheko, kisha makofi. Binti alimkumbatia mbele ya watu. Alikuwa akilia.

Siku chache baadaye Bi Vifungo alifika nyumbani kununua vidonge. Binti alikuwa mezani akimfungia chupa zake. Rula aliketi karibu na dirisha.

“Nimetupa yale matone ya moto,” Bi Vifungo alisema. “Kama vidonge vimemfanya huyu mzee kipofu asome ukuta, mimi vitanifanya nitunge uzi gizani.”

Rula alimgeukia haraka. “Usingeyatupa,” alisema.

“Kwa nini?”

Binti naye aliacha kufunga, akamgeukia. Rula alizisikia pumzi zao wote wawili, zikimngoja.

“Basi tu,” alisema. “Ungeyaweka hata kabatini. Dawa haitupwi.”

“Aka, umeshaanza ubahili wa dawa sasa,” alisema Bi Vifungo, akacheka, akaondoka na chupa zake.

Rula alijiambia kwamba atamfuata dukani kesho amweleze pembeni. Kesho yake ilinyesha mvua. Siku iliyofuata kulikuwa na wateja. Siku nyingine alifika hadi mlangoni, akasikia cherehani ikikimbia na Bi Vifungo akiimba kwa pua, akasema moyoni, mbona anashona vizuri. Mtu anayetafuta sababu ya kunyamaza hakosi moja. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kwamba kifo hicho chaweza kumpata jirani kwanza.

Presha ya macho haipigi hodi. Huanza kula pembeni, ikamega polepole kuelekea ndani, na mwenye macho haoni kinachomegwa. Baada ya miezi kadhaa Bi Vifungo alianza kugonga bega kwenye fremu za milango. Akajishona kidole. Siku moja alitumbukia kwenye mfereji ulio mbele ya duka lake, mfereji aliouruka maisha yake yote, akavunjika mkono. Hospitalini walipomfunga mkono ndipo mtu alipomulika macho yake. Mkwewe, mume wa binti yake, ndiye aliyeleta habari kwa Rula, akisimama mlangoni bila kuingia.

“Wamesema mshipa wa nyuma ya jicho umekufa,” alisema. “Jicho moja halina kitu. Jingine limebaki na kitundu tu, na hata hicho wanasema hawajui kama kitadumu. Wamemwuliza kwa nini aliacha matone. Hakuwajibu.”

Rula alimshukuru. Alifunga mlango, akashika ukuta.

Wiki ile ile jicho lake la kulia lilivuja. Aliamka akakuta doa jeusi limesimama mbele ya kila alichotazama. Binti alipokuja na swali lake la asubuhi, Rula alimgeukia, na mahali palipopaswa kuwa na uso wa mwanawe palikuwa na doa lenye nywele pembeni.

“Baba, leo vipi?”

“Mama, keti.”

Alipokuwa na jambo zito alimwita binti yake mama. Binti aliketi.

“Sioni,” alisema Rula.

“Leo umeamka vibaya?”

“Sijaona tangu zamani. Siku ya ukumbini sikuona.”

“Ulisoma, Baba. Ulisoma mbele ya watu wote.”

“Nilikuwa nakusikia jikoni.”

Jikoni sufuria ilianza kuchemka, kifuniko kikagongagonga, na hakuna aliyeinuka. Rula alimweleza yote: sindano aliyoikimbia, onyo la karoti, jicho lililovuja, na Bi Vifungo.

“Kwa nini hukuniambia?” binti aliuliza mwishowe.

“Ulikuwa umeanza kucheka.”

“Usinibebeshe mimi,” alisema binti, na sauti yake ilikuwa ngumu kuliko alivyowahi kuisikia. “Uliogopa sindano. Ukajificha nyuma yangu. Na mimi nimekwenda nyumba kwa nyumba, nikiapa kwa jina lako. Unajua ni watu wangapi?”

Yote hayo yalikuwa kweli. Ilikuwa kweli pia kwamba alimpenda, lakini hilo halikusaidia mtu.

Binti aliinuka, akazima jiko. Alikaa huko jikoni muda mrefu. Aliporudi alikuwa amevaa viatu. Alimshika baba yake mkono, si kwa upole, akampeleka kwa Bi Vifungo.

Duka lilikuwa wazi, cherehani imefunikwa shuka. Bi Vifungo alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, mkono umefungwa kifuani. Binti alibaki nje.

“Huo mwendo naujua,” alisema Bi Vifungo.

Rula alisimama akamweleza. Hakujaribu kupamba. Alipomaliza, Bi Vifungo aliuliza, “Kwa hiyo hukuona hata herufi moja.”

“Hata moja.”

“Na ule mzaha, kwamba fundi kabana herufi?”

“Niliutunga.”

Bi Vifungo alitikisa kichwa taratibu.

“Huo ndio ulionimaliza,” alisema. “Ule usomaji ningeweza kuushuku. Nakujua, wewe muongo tangu ujana wako. Lakini nilisema, mtu asiyeona hawezi kuona kosa la fundi mwenzake. Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja kumwaga matone.”

Rula alifungua mdomo.

“Asante kwa kuja, mzee,” alisema Bi Vifungo. “Angalia mfereji unapotoka.”

Alisema kwa adabu, kama asemavyo na mteja. Katika miaka yao yote hakuwahi kumwita mzee bila kumfuatishia tusi.

Kliniki, daktari yule yule alimwangaza, akazima taa. Kushoto kovu limeshafunga kila kitu, alisema. Kulia, sindano inaweza kuzuia lisiendelee, ila kilichokwenda kimekwenda. Alichukua chupa ya karoti kutoka kwa binti, akaiweka mbali mezani, akaagiza picha ya kifua. Kifua kilikuwa safi kwa sasa. Kisha Rula alilala chali, wakambana kope, na sindano ikaingia. Haikuuma sana. Ilikuwa kama kubonyezwa na kidole. Jambo hilo lilimwumiza kuliko maumivu aliyoyaogopa.

Binti alikwenda kwenye kikundi kueleza. Hawakumpa kipaza sauti. Kiongozi alimshika bega, akamwambia amechoka, apumzike, asiwavunje watu moyo. Aliporudi nyumbani hakuketi. Rula aliogopa ataketi, lakini aliingia, akanywa maji, akasema, “Kesho tunawazungukia wote. Na wewe utakuja.”

Walizunguka. Binti aligonga milango, Rula akasimama kando yake ili watu wamwone. Mahali pengine walifungua, wakasikiliza, wakawarudishia chupa. Mwanamume mmoja alitukana. Mama mmoja mwenye kisukari alilia, akasema alikuwa ameanza kuruka siku za kliniki, na binti akamwandikia siku mpya na kumwahidi kumsindikiza. Huyo mmoja Rula alimbeba moyoni siku nzima.

Nyumba ya mwisho jioni ile ilikuwa ya bibi mmoja aliyeishi na wajukuu. Aliwakaribisha ndani, akawapa viti. Binti alieleza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Rula akaongeza yake: hakuona, alikariri, alidanganya. Bibi alisikiliza huku akivunja maganda ya karanga, ganda moja baada ya jingine.

“Nimewaelewa,” alisema. “Mmegombana na wenzenu wa kikundi. Yapo hayo.”

“Si ugomvi, bibi,” alisema binti. “Baba hakusoma.”

“Alisoma. Nilikuwepo. Nimemwona kwa macho yangu haya haya.” Alimgusa Rula goti, kwa huruma, kama amgusavyo mgonjwa. “Sasa hivi amezeeka, akili imechoka, si kosa lake. Lakini siku ile alisoma.”

Binti alijaribu tena. Bibi alitikisa kichwa, akawasindikiza mlangoni mwenyewe. Pale kizingitini alimvuta binti kando, lakini hakushusha sauti ya kutosha.

“Sasa wewe umeacha kuuza,” alisema. “Vyangu vinaisha mwisho wa wiki. Nitavipata kwa nani?”

Rula alisimama nje, mkono ukutani, akingoja kusikia binti yake atajibu nini. Binti alianza upya, kuanzia mwanzo.